MAJI YA MVUA KWA KUKU WA NYUMBANI

Somo kwa wafugaji wa Iyula na Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe

Mkulima wa Iyula hahitaji kufundishwa mvua. Aijua inapokuja mwezi wa Novemba, aijua inapoaga mwezi wa Aprili au Mei, na shamba lake la kahawa, mahindi na maharage hulipanga kwa kuifuata. Lakini katika nyumba nyingi mvua hiyo hiyo huteremka kutoka paa la bati, ikaanguka uani, ikachanganyika na mavi na taka, na kuku wakainywa papo hapo katika madimbwi. Miezi michache baadaye, kiangazi kinapokaza, mama wa nyumba hubeba ndoo kichwani kutoka kisimani au mtoni, na kuku hupewa yale yaliyobaki baada ya kuosha vyombo, yenye sabuni na mafuta. Maji yalikuwapo, yakaachwa yakapotea. Sasa yatafutwa kwa jasho.

Somo hili laeleza namna ya kuyakinga maji ya paa, kuyaweka na kuwapa kuku yakiwa safi, masika na kiangazi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mvua inapotoka mawinguni ni safi. Uchafu huingia baadaye, mahali pane: juu ya paa, katika mfereji, ndani ya pipa na katika chombo cha kunywea. Mfugaji akizilinda sehemu hizo nne, kuku wake watakuwa na maji mazuri bila gharama kubwa.

KWA NINI KUKU AHITAJI MAJI SAFI

Wafugaji wengi hukumbuka chakula na kusahau maji. Hudhani kuku wa kienyeji atajitafutia. Ni kweli atajitafutia, lakini atayapata wapi? Kwenye dimbwi la uani, kwenye shimo la taka, au nyuma ya choo.

Kuku mkubwa hunywa kadiri ya robo lita kwa siku wakati wa ubaridi. Siku za joto hunywa zaidi, na mtagaji aweza kufikia nusu lita. Kwa uzito, maji anayokunywa ni kama mara mbili ya chakula anachokula. Vunja yai ulitazame: katika ute na kiini, sehemu tatu kati ya nne ni maji. Basi kuku asiyepata maji hawezi kutengeneza yai, hata akila mahindi ya kutosha. Akikosa maji siku moja nzima utagaji hupungua, na pengine majuma kadhaa hupita kabla hajarudia hali yake. Vifaranga huumia upesi zaidi, tena wengi hufa.

Maji machafu nayo yana hasara yake. Mavi yakiingia katika maji, kuku mmoja mgonjwa aweza kuwaambukiza wote wanaokunywa pamoja naye. Kwa njia hiyo huenea homa ya matumbo ya kuku, kuhara damu, na hata mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kundi la kuku ishirini ni akiba ya nyumba. Ni madaftari ya shule, ni chumvi na mafuta ya taa, ni mboga ya mgeni. Si jambo dogo kulipoteza kwa sababu ya dimbwi.

HESABU YA PAA NA YA PIPA

Kabla ya kununua kitu chochote, fanya hesabu. Si ngumu.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Tuseme nyumba yako ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, ukipima chini kwa kufuata kingo za paa. Hiyo ni mita za mraba 30. Mvua nzuri ya milimita 10 italeta lita 300. Toa sehemu moja kati ya tano kwa maji yanayorukia nje na kupotea. Zabaki lita 240, yaani madumu 12 ya lita 20. Mvua moja imekwisha kujaza pipa la lita 200 na kuzidi.

Katika uwanda wa juu wa Mbozi mvua ya mwaka kwa kawaida hupita milimita 1,000. Kwa hiyo paa hilo hilo dogo laweza kukupa zaidi ya lita 24,000 kwa mwaka. Shida yetu, basi, si uchache wa mvua. Shida ni kwamba hatuna mahali pa kuiweka.

Sasa tazama matumizi. Kuku 20, kila mmoja robo lita, ni lita 5 kwa siku. Ongeza lita moja ya kuoshea vyombo na ya kumwagika. Ni lita 6. Kwa siku 30 ni lita 180. Basi shika kanuni hii: kuku ishirini, pipa moja, mwezi mmoja. Kutoka Mei hata mwisho wa Oktoba ni miezi sita, nayo yataka mapipa sita, au tangi la plastiki la lita zaidi kidogo ya 1,000. Mwenye kuku kumi atosheka na mapipa matatu.

Ikiwa una pipa moja tu, usikate tamaa. Liweke likiwa limejaa kwa ajili ya miezi ya Septemba na Oktoba, visima vinapopungua, tena uwape kwanza vifaranga na kuku wanaotaga. Mwaka unaofuata ongeza la pili.

Watu wengine wameishi kwa maji ya namna hii muda mrefu. Visiwa vya Bermuda havina mito, na nyumba za huko hujengwa kwa mapaa meupe yaliyopakwa chokaa ili kukinga mvua ya kunywa. Jirani zetu wa Kitui, Kenya, hujenga kuta chini ya majabali na kuyakusanya maji yanayoteremka juu ya mwamba. Sisi wenye mvua nyingi kuliko Kitui hatuna udhuru.

MAHALI PA KWANZA: PAA

Paa la bati ndilo bora. Paa la nyasi hutoa maji ya rangi ya chai, yenye vumbi na wadudu, nayo hayafai kuwekwa. Mwenye nyumba ya nyasi aweza kuezeka banda la kuku kwa mabati mawili na kukinga hapo. Mabati mawili ya futi kumi yana eneo la kadiri ya mita za mraba 4, na mvua ya milimita 10 huleta hapo lita 30 hivi.

Wakati wote wa kiangazi paa hukusanya vumbi, moshi wa jikoni, majani makavu, na mavi ya njiwa na shomoro. Ndege hao waweza kuwa na magonjwa ya kuku. Kwa hiyo:

1. Kata matawi ya miti yanayofunika paa. Majani hupungua, na ndege hukosa mahali pa kutua.

2. Usianike mahindi wala maharage juu ya paa unalokinga maji. Ndege huitwa na nafaka.

3. Kuku wasilale juu ya paa hilo.

4. Mvua kubwa za kwanza za Novemba ziache zioshe paa. Usizikinge.

5. Baada ya hapo, kila mvua inapokuja baada ya siku kadhaa za jua, mwaga maji ya kwanza. Kwa paa la mita za mraba 30 mwaga dumu moja au mawili ya lita 20.

Mvua ikinyesha usiku, nani ataamka kumwaga? Tumia dumu la kutangulia. Bomba linaloteremka kutoka mferejini litiwe tawi. Tawi hilo lishuke ndani ya dumu la lita 20, na mdomo wa dumu ufungwe barabara kwenye bomba, pasiwe na upenyo. Maji ya kwanza, yenye uchafu, yatajaza dumu. Likisha kujaa, maji yanayofuata hayana pa kuingia, nayo yatapita moja kwa moja kwenda kwenye pipa. Asubuhi mwaga dumu, ulirudishe. Usipolimwaga, mvua ya pili itapeleka uchafu wote pipani.

Kwa sisi tunaolima kahawa kuna onyo la pekee. Usipulizie mibuni dawa wakati upepo unaelekea nyumbani. Ikiwa dawa imefika juu ya paa, usikinge mvua inayofuata. Geuza bomba, maji yaende zake hata paa lioshwe kabisa.

MAHALI PA PILI: MFEREJI

Mfereji waweza kuwa wa bati lililokunjwa, wa bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, au wa mwanzi. Mianzi twaipata kwa urahisi katika nyanda zetu za juu. Pasua mwanzi katikati, toa vizuizi vya ndani ya mafundo, uusugue uwe laini. Mwanzi huoza, kwa hiyo ukague kila mwaka na kuubadili unapoharibika.

Mfereji uinamie upande wa pipa, kadiri ya sentimita moja kwa kila mita. Usipoinama, maji hutuama, majani huoza ndani yake, na mbu huzaa. Mahali maji yanapotokea weka wavu mdogo wa kuzuia majani. Safisha mfereji mara moja kwa mwezi wakati wa masika.

MAHALI PA TATU: PIPA

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Pipa au dumu lililowekwa dawa ya mibuni, dawa ya kuoshea ng'ombe, rangi au mafuta ya gari lisitumiwe kamwe kwa maji. Kuosha hakutoshi. Dawa hujificha katika plastiki na kutoka kidogo kidogo. Vyombo vya namna hiyo vitobolewe ili mtu mwingine asidanganyike. Ununuapo pipa kuukuu huko Vwawa, Mlowo au Tunduma, uliza lilikuwa na nini. Muuzaji asipoweza kukujibu, liache. Pipa zuri ni lile lililokuwa na mafuta ya kula au kitu kingine cha chakula.

Liweke pipa juu ya mawe, kivulini, ili ndoo ipite chini ya bomba. Bomba la kutolea maji liwe juu ya kitako cha pipa kwa sentimita 5 hivi, ili mashapo yabaki chini. Pipa lisipitishe mwanga, kwa maana mwanga huotesha ukoga wa kijani. Ikiwa ni jeupe, livike gunia au lipake rangi nyeusi kwa nje.

Mfuniko ni wa lazima, na kila tundu lifunikwe kwa kitambaa au chandarua. Pipa lililo wazi ni nyumba ya viluwiluwi vya mbu. Wafugaji wengi hawajui kwamba mbu huchukua ndui ya kuku kutoka kuku mmoja hata mwingine, ule ugonjwa wa vipele vya kichwani na machoni. Kwa hiyo mfuniko hulinda watu na kuku pia. Tena panya, mjusi au kifaranga aweza kutumbukia katika pipa lililo wazi, akaozea humo.

Usichote kwa kikombe wala kwa kata. Fungua bomba. Mkono mchafu mmoja waweza kuharibu maji ya mwezi mzima.

Maji yaliyofunikwa vizuri gizani hukaa miezi mingi bila kuharibika. Yakinuka, au yakigeuka rangi, usiwape kuku. Mwagilia bustani, usugue pipa, ungojee mvua. Kama maji yana wasiwasi lakini hayanuki, yachuje kwa kitambaa safi, kisha tia dawa ya klorini. Dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato wala rangi yafaa: nusu kijiko cha chai katika dumu la lita 20. Koroga, ungoje nusu saa kabla ya kuwapa.

Maji haya tumeyaandaa kwa kuku. Watu wakitaka kuyanywa, yachemshwe kwanza.

MAHALI PA NNE: CHOMBO CHA KUNYWEA

Waweza kukinga maji vizuri sana, ukayahifadhi vizuri sana, halafu kuku akayaharibu kwa dakika moja kwa kuingiza miguu. Kwa hiyo chombo kiwe cha namna ambayo kuku aweza kuingiza mdomo tu.

Chombo rahisi ni kopo na sahani. Toboa kopo tundu dogo karibu na mdomo wake, tundu hilo liwe chini kidogo ya ukingo wa sahani. Jaza kopo maji, lifunike kwa sahani, kisha vigeuze vyote pamoja kwa upesi. Maji yatashuka hata yazibe tundu, yatasimama. Kuku akinywa yatashuka tena. Kwa vifaranga tia vijiwe safi katika sahani wasije wakazama.

Chombo cha kuku wakubwa kiinuliwe juu ya matofali, ukingo wake uwe sawa na mgongo wa kuku. Weka changarawe chini yake ili maji yanayomwagika yasifanye tope. Tope na unyevu bandani ndivyo vinavyokuza kuhara damu, hasa kwa vifaranga. Hata maji yanayofurika kutoka pipani yaelekezwe bustanini, yasipite bandani.

Mwaga maji ya jana kila asubuhi, sugua chombo, tia mapya. Bata wawe na chombo chao mbali, kwa kuwa bata huosha mdomo katika maji na kuyachafua mara moja.

MASWALI YANAYOULIZWA NA WAFUGAJI

"Maji ya mvua hayana chumvi ya ardhi. Je, hayatafanya maganda ya mayai kuwa laini?" Hapana. Kuku hupata chokaa nyingi kutoka katika chakula, si katika maji. Mpe maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa sana, au maganda ya konokono, au chokaa ya mifugo. Ganda laini huponywa kwa chakula, usilisingizie pipa.

"Bati halina sumu?" Bati la kawaida lililo zima halidhuru. Lakini paa lililopakwa rangi karibuni liache lioshwe na mvua kadhaa kabla ya kukinga.

"Masika maji yamejaa kila mahali. Kwa nini nijisumbue?" Kwa sababu wakati huo ndipo madimbwi yanapokuwa mengi, na mavi ya uani huogelea ndani yake. Kuku akikuta maji safi karibu, haendi mbali. Fukia madimbwi yaliyo karibu na banda.

MAJI YA MVUA NA CHANJO YA MDONDO

Mtu asidhani kwamba maji safi yatamzuia mdondo peke yake. Ugonjwa huu, unaoitwa Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, huja pia kwa kuku wa kununua, kwa viatu, na kwa matenga ya wachuuzi. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hupewa kwa tone moja jichoni kila miezi mitatu.

Baadhi ya chanjo hutiwa katika maji ya kunywa. Hapo maji ya mvua yana faida kubwa, kwa kuwa hayana klorini. Klorini huua chanjo kama inavyoua vijidudu. Basi usitie klorini katika maji siku mbili kabla ya kuchanja wala siku ya kuchanja, na chombo kisiwe na mabaki ya sabuni. Tumia chombo cha plastiki, si cha bati. Fuata maagizo ya karatasi ya dawa, nayo usipoyaelewa mwulize Afisa Mifugo wa kata yako.

KAZI ZA MWAKA

Oktoba: Maji yanapokwisha, toa mashapo, sugua mapipa, tengeneza mfereji, kata matawi.

Novemba: Acha mvua kubwa za kwanza zioshe paa. Kisha anza kukinga.

Desemba hadi Machi: Tumia maji kila siku, mvua itajaza tena. Mwaga dumu la kutangulia baada ya kila mvua. Safisha mfereji kila mwezi.

Aprili: Huu ndio mwezi mkuu. Hakikisha kila pipa limejaa na kufunikwa kabla mvua haijaaga. Asiyejaza Aprili atabeba ndoo Septemba.

Mei hadi Septemba: Pima maji kwa siku, usizidishe. Kagua mifuniko kila juma.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kuku ishirini, pipa moja, mwezi mmoja.

2. Mwaga maji ya kwanza ya paa.

3. Pipa la dawa si pipa la maji, hata likioshwa mara kumi.

4. Funika pipa, chota kwa bomba.

5. Osha chombo cha kunywea kila asubuhi.

6. Maji safi hayachukui nafasi ya chanjo.

Anza na ulicho nacho: mwanzi mmoja, pipa moja, mfuniko mmoja. Jirani akiona kuku wako wanataga mwezi wa Septemba, atakuja kuuliza. Mwonyeshe.